IBN KHALDUN NA FIMBO YA MWALIMU



 

Wanafunzi wapendwa, wazazi na ndugu wasomaji, katika ukurasa wetu wa maisha ya wanazuoni safari hii tunaye Sheikh Abdurrahman bin Muhammad bin Khaldun Al-Hadhramy, anayejulikana ulimwenguni kote kwa jina la Ibn Khaldun. Wasomi wa historia wanamsoma kwa yale aliyoandika kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola. Wasomi wa uchumi nao wanamdai kuwa ni wao. Mimi nimemchagua kwa sababu nyingine kabisa. Ndani ya kitabu chake kikubwa mna mlango mfupi, wa kurasa chache tu, unaozungumzia mtoto anayefundishwa kwa ukali na mateso, na yale yanayompata baadaye. Suala la bakora katika vyuo vyetu vya Qur'ani linazungumzwa sana siku hizi, na baadhi ya watu wanadhani kuwa kulijadili ni jambo lililoletwa na wageni. Huyu ni qadhi wa Kiislamu, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, aliyeliandika zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Ibn Khaldun alizaliwa mjini Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332 Miladia. Kwa kulinganisha, Ibn Battuta alifika Kilwa na Mombasa mwaka 1331, yaani mwaka mmoja tu kabla. Ukoo wake ulitokea Hadhramaut, kule kule walikotoka mababu wa masharifu na mashekhe wengi wa pwani yetu. Wazee wake walivuka wakaenda Andalusi, nchi ambayo leo ni Hispania, wakakaa Seville kwa karne nyingi na kushika vyeo vikubwa. Waliuhama mji huo kabla haujatekwa na Wakristo mwaka 1248, na hatimaye wakahamia Tunis.

Baba yake, Mzee Muhammad, aliyaacha mambo ya utawala yaliyokuwa kazi ya ukoo, akashughulika na elimu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe katika lugha ya Kiarabu. Qur'ani Tukufu alihifadhishwa na Sheikh Muhammad bin Saad bin Burral, mwenye asili ya Andalusi, na akaisoma kwake kwa visomo vyote saba. Wanafunzi wetu mnaolalamikia Juzuu Amma mkumbuke hilo! Alisoma pia Muwatta wa Imam Malik, na fiqhi, na mashairi ya Waarabu. Uzeeni aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na humo aliwataja walimu wake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina, kwa elimu yake na kwa heshima. Mtu aliyefundishwa vizuri hawasahau waliomfundisha.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 17 ikaingia tauni. Ugonjwa huo ulizunguka Asia, Ulaya na Afrika ya Kaskazini, ukaua watu wasiohesabika. Tunis ulifika mwaka 1348, na ndani ya muda mfupi Ibn Khaldun alikuwa amempoteza baba yake, mama yake na walimu wake wengi. Waliosalimika katika walimu, baadhi yao waliondoka kurudi Fez na mfalme wao wa Kimarini. Kijana akabaki na kaka yake mkubwa, darasa limevunjika. Mwalimu mmoja alibaki Tunis kwa muda, Sheikh Al-Abili, bingwa wa mantiki na hesabu, na kijana akaendelea kukaa mbele yake mpaka naye akaondoka.

Baada ya hapo yakaja maisha ya siasa, na hapa nitapita haraka maana ni marefu na yana majina mengi. Alianza ukarani katika jumba la mtawala wa Tunis, akaenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akashukiwa katika njama, akatiwa gerezani mwaka 1357. Alikaa humo karibu miaka miwili, mpaka Sultani alipokufa. Baadaye akavuka bahari kwenda Granada, na mwaka 1364 akatumwa kuwa balozi kwa mfalme wa Kikristo aliyekuwa akitawala Seville, mji wa mababu zake. Mfalme huyo alimpenda, akamwambia abaki naye na kwamba atamrudishia mali ya ukoo wake. Ibn Khaldun akakataa kwa adabu. Akarudi Afrika, akawa waziri Bijaya, akaingia katika ugomvi wa wafalme na makabila, leo yuko upande huu kesho upande ule. Ukweli usemwe: katika miaka hiyo hakuwa mtu wa kutulia, na utii wake ulihama mara nyingi.

Alichoka. Mwaka 1375 aliichukua familia yake akaenda kukaa katika ngome ya Ibn Salama, magharibi ya Aljeria ya leo, chini ya ulinzi wa kabila moja la Waarabu wa bara. Huko hakukuwa na mfalme wala maktaba kubwa. Ndiko alikoandika Muqaddima, yaani utangulizi wa kitabu chake cha historia, na mswada wa kwanza aliumaliza mwaka 1377 kwa muda wa miezi mitano.

Basi tuufungue mlango wetu.

Umo katika sehemu ya sita ya Muqaddima, ile inayohusu elimu na namna ya kuitoa. Ibn Khaldun anaanza kwa kusema kuwa ukali katika kufundisha unamdhuru mwanafunzi, na zaidi mtoto mdogo. Kisha anaeleza kwa nini, na maelezo yake ni kama ya tabibu anayefuata ugonjwa kutoka kiungo hadi kiungo. Mtoto akilelewa kwa nguvu na dhuluma, nafsi yake inabanwa. Uchangamfu wake unaondoka. Anakuwa mvivu, kwa kuwa hana tena furaha ya kutenda jambo kwa hiari yake. Halafu anajifunza kusema uongo. Anaonesha kwa nje kitu ambacho hakimo moyoni mwake, kwa kuogopa mkono utakaomshukia. Anafundika hila na udanganyifu, na yale aliyoyafanya kwanza kwa kujiokoa yanageuka kuwa mazoea, kisha tabia. Mwisho anapoteza hata ile hamasa ya kujitetea na kuitetea nyumba yake, akawa mzigo kwa wengine, na nafsi yake ikakata tamaa ya kutafuta sifa njema.

Hakuishia kwa mtoto mmoja. Aliwataja pamoja mwanafunzi, mtumwa na mtumishi wa nyumbani, kwamba wote wakilelewa kwa mabavu hupatwa na hali moja. Akasema pia kuwa taifa zima likitawaliwa kwa dhuluma nalo huharibika tabia kwa njia hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapomwona mtu aliyekaa gerezani na katika majumba ya wafalme. Alikuwa amewaona watu wazima wenye akili wakidanganya mbele ya Sultani kwa hofu, na alijua tabia ile hupandwa wapi.

Mwalimu yeyote aliyekaa chuoni kwa muda anaijua hali hiyo. Yuko mtoto ambaye ukimwuliza sura aliyofikia anaangalia kwanza mkono wako umeshika nini. Yuko anayesogeza midomo pamoja na wenzake katika kisomo cha pamoja, sauti haitoki, naye tangu wiki iliyopita hajui aya hata moja. Yuko anayeaga nyumbani kila alasiri na juzuu kwapani, chuoni hafiki. Tunasema watoto hawa ni waongo na watoro. Ibn Khaldun angetuuliza nani aliwafundisha.

Hata hivyo tusimsemeze asiyoyasema. Hakuandika kuwa mwalimu asiwe na adhabu kabisa. Alinukuu kutoka kwa mwanachuoni wa Kairawan, Ibn Abi Zaid, kuwa mwenye kuwatia watoto adabu, akihitaji kuwapiga, asizidishe mapigo matatu. Na alitaja wasia wa Khalifa Harun Rashid kwa mwalimu wa mwanawe Al-Amin. Wasia huo unamtaka mwalimu asipitishe saa bila kumpatia mtoto faida, lakini pia asimhuzunishe mpaka akili yake ife. Asimlegezee mno akazoea uvivu. Amnyoshe kwa ukaribu na upole kadiri awezavyo, na ukali uje tu pale upole uliposhindwa kabisa. Mtu huyo alikuwa Khalifa mwenye nusu ya dunia mkononi, na kijana huyo alikuwa mrithi wake.

Basi mapigo matatu ndiyo mpaka wa juu uliowekwa na wanachuoni wale, tena kwa shida. Sasa tujipime. Mpira wa maji uliokatwa, waya, kumfunga mtoto mikono, kumpiga kichwani, kumwacha juani mpaka azimie, hayo yako katika kitabu gani cha fiqhi? Najua hoja inayoletwa haraka, nayo ni Hadithi ya kuwaamrisha watoto Sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa ajili yake wakifika kumi. Hadithi ipo na tunaikubali. Lakini tuisome yote. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu ya kuamrisha na kukumbusha, Sala tano kila siku. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara 5,000. Nani kati yetu amemkumbusha mtoto wake mara 5,000 kwa uso mkunjufu kabla ya kunyanyua mkono? Na wanavyuoni walioisherehesha Hadithi hiyo wameshurutisha kuwa pigo lisiumize mwili, lisiache alama, na lisiguse uso, maana Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso. Mtume mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na Anas bin Malik (R.A.) aliyemtumikia miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, alieleza kuwa hakusikia kwake hata neno la kuudhika.

Wako wazazi nao wanaomleta mtoto chuoni na kumpa ustadh ruhusa ya kumpiga atakavyo. Ruhusa hiyo mzazi hana ya kuitoa. Mwili wa mtoto ni amana kwa mzazi kama ulivyo amana kwa mwalimu, na Ibn Khaldun amewataja wote wawili katika mlango ule: mwalimu asimdhulumu mwanafunzi, na baba asimdhulumu mwanawe. Sheria za nchi zetu nazo zimesogea. Kenya ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001, na Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Mtoto anayeumizwa, au kuguswa kwa njia isiyofaa, au kutishwa asiseme, amwambie mzazi, na mzazi amsikilize kabla ya kumtetea mtu mzima. Heshima ya ustadh haiharibiki kwa kuulizwa.

Kwa vile tumo katika milango ya elimu, nitaje jambo jingine moja. Ibn Khaldun alisema mwanafunzi asibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Elimu hupewa kidogo kidogo, na somo hurudiwa hata mara tatu, kila mara kwa kina zaidi. Mwalimu anayemrundikia mtoto mambo magumu siku ya kwanza, kisha akamlaumu kwa kutofahamu, kosa ni la mwalimu. Mtoto anachoka, anadhani elimu yenyewe ndiyo ngumu, anaikimbia. Nikiutazama utoro vyuoni kwa jicho hili, naona bakora nyingi zinapigwa kwa ajili ya somo lililopangwa vibaya.

Turudi kwenye maisha yake. Mwaka 1378 alirudi Tunis, na mwaka 1382 akapanda merikebu kwenda Misri. Kairo ulimshangaza kwa ukubwa wake, misikiti yake na wingi wa wanafunzi. Alisomesha Al-Azhar, na Sultani Barquq akampa kazi katika madrasa, kisha mwaka 1384 akamfanya qadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Huyo Barquq naye ana habari yake. Alikuwa Mcherkesi, aliyetolewa kwao akiwa kijana, akauzwa utumwani, akafikishwa Misri kuwa askari. Dola yote ya Mamluki ilijengwa kwa vijana wa namna hiyo, walionunuliwa katika nchi za mbali na kutenganishwa na wazazi wao. Ibn Khaldun aliisifu dola hiyo kwa kuulinda Uislamu dhidi ya Watatari, na hakuandika kuhusu machozi ya mama waliobaki nyuma. Alikuwa mtu wa zama zake katika hilo. Mimi ningetamani angeutumia mlango wake mwenyewe kuwatazama vijana wale.

Familia yake ilikuwa bado Tunis, kwa kuwa Sultani wa huko aliizuia ili kumlazimisha arudi. Barquq aliandika barua kuwaombea, na wakaruhusiwa. Walipokuwa safarini mwaka huo huo wa 1384 dhoruba ikaipiga merikebu yao ikazama. Mkewe na watoto wake wakafa maji, na mali yote ikapotea. Mtoto yatima wa tauni akawa baba aliyefiwa kwa sababu ya bahari. Alieleza baadaye kuwa msiba ule ulimfanya atamani kuiacha dunia. Mwaka uliofuata aliondolewa ukadhi, akarudi kusomesha na kuandika, na mwaka 1387 akaenda kuhiji.

Ukadhi wenyewe ulimletea maadui. Aliwazuia mashahidi wa uongo, akakataa maombi ya wakubwa waliotaka kesi zipindwe, na akaendelea kuvaa burnusi ya kwao Maghrib badala ya mavazi ya makadhi wa Misri, jambo lililowaudhi watu zaidi kuliko hukumu zake! Wapinzani wake walimtuhumu kuwa mkali mno kwa watu wazima waliofanya hila mahakamani. Alitolewa na kurudishwa mara kadhaa, na kwa jumla alishika cheo hicho mara sita.

Wanafunzi watapenda kisa hiki. Mwaka 1401, Timur, yule mtekaji aliyeogopwa kutoka Samarkand mpaka Sham, aliuzingira mji wa Damascus. Ibn Khaldun alikuwa ndani, mzee anayekaribia miaka 70. Akateremshwa ukutani kwa kamba akaenda kumwona Timur katika hema lake. Alikaa naye siku nyingi, Timur akimwuliza habari za Maghrib na historia. Alimpelekea zawadi: msahafu, msala mzuri, nakala ya Kasida ya Burda, na makasha manne ya halua ya Misri. Timur alimwomba pia nyumbu wake, naye akampa. Pamoja na mazungumzo hayo yote mji ulitekwa na kuchomwa, na moto ukaufikia msikiti mkuu wa Bani Umayya. Ibn Khaldun akaruhusiwa kuondoka, na njiani akaporwa na wanyang'anyi mpaka nguo.

Alifariki Kairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, sawa na Machi 1406, akiwa katika kiti cha ukadhi. Alizikwa katika makaburi ya Masufi nje ya lango la Bab Nasr. Hakuna leo anayeweza kulionesha kaburi lake. Miaka michache kabla ya kufa alikuwa ameituma nakala ya kitabu chake kutoka Misri mpaka Fez, safari ya kuvuka Afrika ya Kaskazini nzima, akaiweka wakfu katika msikiti wa Qarawiyyin ili wanafunzi wa huko waisome.